Nani Atashuhudia Tabia ya Mwalimu?

Tuseme mwalimu kijana wa Kabambare amepata habari ya kazi. Amejifunza Kiingereza kwa bidii, amefundisha miaka 4 katika shule ya misioni, na sasa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, au mbali zaidi, kuna shule inayotafuta mwalimu wa lugha hiyo. Masharti ni haya: diploma, pasipoti, hati ya kuonyesha kwamba hajahukumiwa na korti, ambayo watu wetu huiita kasiye, na barua ya mkubwa wake wa kazi ya kushuhudia tabia yake. Bila hizo hapati viza. Basi anapanda pikipiki mpaka Kasongo. Korti haina neno juu yake, anapewa kasiye safi. Anarudi kwa direkta wa shule, anavua kofia, anasema: "Baba Direkta, imebaki barua yako tu."

Na direkta anajua jambo. Miaka 2 iliyopita msichana mmoja wa darasa la mwalimu huyu aliacha masomo ghafula. Wazee wa pande mbili wakakaa, mbuzi wakatolewa, maneno yakaisha. Korti haikuitwa. Je, direkta aandike nini?

Mfano huu nimeutunga. Walakini sidhani kama yuko msomaji hata mmoja, kutoka Kasongo mpaka Kabambare, atakayesema hajapata kusikia jambo la namna hii.

Kwanza tusizidharau karatasi zenyewe. Wako wanaosema kwamba mambo ya hati, mihuri na alama za vidole ni usumbufu wa wageni, ni njia ya kutufungia mlango. Pengine ni kweli kidogo; nitalisema neno hilo baadaye. Lakini sharti hilo lilizaliwa na machozi ya watoto. Mwezi wa Oktoba 1997 lisingalijulikana kwa walimu wengi; mwezi wa Oktoba 2007 dunia nzima ililisikia. Polisi wa kimataifa, Interpol, walitangaza picha ya mtu aliyewatenda watoto maovu huko Asia. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza, raia wa Kanada, na siku zile alikuwa akifundisha Korea ya Kusini. Alikimbilia Thailand, akakamatwa huko tarehe 19 Oktoba. Kabla ya mwaka ule kwisha, serikali ya Korea iliweka sharti: kila mgeni anayeomba viza ya kufundisha Kiingereza alete hati ya nchi yake kwamba hana hukumu. Nchi nyingine nyingi zinadai vivyo hivyo. Jirani zetu wa Kenya huenda kwa polisi, wakapakwa wino vidole vyote 10, wakangojea cheti cha tabia njema. Watanzania nao hutoa alama za vidole kwa polisi.

Sasa angalieni jambo moja. Mtu yule wa 2007 hakuna korti iliyokuwa imemhukumu. Laiti angaliulizwa hati kabla ya kuingia Korea, angalileta hati safi. Sharti liliwekwa kwa ajili yake, na yeye mwenyewe angalipita.

Hapo ndipo penye kiini. Hati ya korti haisemi kwamba mtu huyu ni mwema. Husema tu kwamba hakuna hakimu aliyeandika jina lake. Kati ya maneno hayo mawili pana nafasi kubwa, na kwetu nafasi hiyo ni kubwa zaidi. Korti iko mbali, njia ni mbovu, mvua ikinyesha daraja huondoka. Kwenda kushtaki ni gharama, na baba wa msichana anaona afadhali mbuzi walio mbele yake kuliko hukumu isiyojulikana itakuja lini. Tena iko aibu. Jina la msichana litatajwa mbele ya watu, nani atamwoa? Basi mambo humalizwa nyumbani. Sheria ya nchi inajua desturi hiyo na haiikubali: sheria ya Julai 2006 juu ya makosa ya kunajisi watu, na ile ya Januari 2009 ya kuwalinda watoto, zinamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, wala ridhaa yake au ya wazee wake haimwondolei mkosaji hatia. Lakini sheria haiwezi kuandika katika kitabu cha korti jambo lisilofikishwa kwake. Kwa hiyo kasiye ya mwalimu yule ni safi, na kijiji kizima kinajua.

Wala si vitabu vyote vya korti vilivyosalimika katika nchi iliyopitiwa na vita vya 1964, vya 1996 na vya 1998. Hati safi pengine maana yake ni kwamba faili iliungua.

Upande wa pili nao upo. Yuko mwenye hati chafu ambaye watu wangemwamini. Wazee wa Maniema hawahitaji kufundishwa hayo. Wanakumbuka zamani za Bula Matari, wakati kwa amri ya 1933 mtu hakuruhusiwa kutoka katika nchi ya chefu wake zaidi ya siku 30 bila pasi. Mwaka 1948 ikaletwa kadi ya raia mwema: mwombaji asiwe na wake wengi, asiwe mtu wa uchawi, asiwe amehukumiwa kwa wizi. Mwaka 1952 ikaletwa nyingine ya juu zaidi, na wakaguzi waliingia mpaka nyumbani kutazama mtu anakula namna gani, na watoto wake wanalala wapi. Tabia ya Mwafrika ilipimwa kwa sahani na shuka! Si ajabu basi kama mpaka leo mtu wetu akisikia "hati ya tabia" moyo wake unakunjamana.

Patrice Lumumba aliifahamu kadi hiyo ya pili. Katika ujana wake alipita Maniema, akafanya kazi kwenye machimbo ya Kalima, kisha akaenda Stanleyville. Aliomba kadi ile, akakataliwa kwanza, akaipata mwaka 1954. Miaka 2 baadaye alishtakiwa kwa fedha za posta alimokuwa karani, akafungwa, akatoka Septemba 1957. Kwa kasiye ya namna hiyo asingalipata leo viza ya kufundisha hata alfabeti. Juni 1960 alikuwa Waziri Mkuu wa Kongo. Siasa yake waseme wengine. Mimi nataka tuone hili tu, kwamba mkaguzi alimpa kadi ya uungwana kisha hakimu akampa kifungo, na wala kadi wala kifungo havikutosha kuwaambia watu wa Kongo yeye ni nani.

Je, tuseme basi karatasi zote ni bure? Hasha. Tuseme kwamba kosa na kosa si sawa. Kijana aliyepigana kwenye pombe akiwa na miaka 19, akalipa faini, akaoa, akatulia: kwa nini kosa hilo limfuate ng'ambo ya bahari akiwa na miaka 35? Yule aliyekula fedha za posta hafai kushika sanduku la fedha mpaka aaminike tena, lakini anaweza kufundisha watoto kusoma. Bali yule aliyemharibu mtoto aliyekabidhiwa kwake, huyo kosa lake linahusu kazi ile ile anayoiomba. Hapo mtu husema: "Lakini ametubu, Padri amemwondolea, wewe ni nani usimsamehe?" Neno hilo husikika sana katika parokia, na linasemwa na watu wema. Walakini linachanganya vitu viwili. Kitubio humrudishia mtu urafiki wa Mungu. Hakimrudishii ufunguo wa darasa. Mwenye kutubu kweli huepa nafasi ya dhambi, ndivyo tulivyofundishwa katika katekisimu, tena huelewa kwa nini wazazi hawataki kumpa watoto wao. Akikasirika na kudai haki yake ya darasa, mimi naanza kuwa na mashaka juu ya toba hiyo.

Padri aliyemsikia katika maungamo hawezi kusema lolote, wala kwa neno wala kwa ishara, wala hawezi kutumia alichokisikia ili kumzuia. Ndiyo maana haifai kumwendea padri muungamishi kutafuta barua ya tabia. Lakini direkta si muungamishi. Alijua kwa macho yake na kwa masikio yake, kama jirani wote.

Atasema: naogopa kusengenya. Ni vema kuogopa. Kufunua kosa la mwenzako bila sababu ni dhambi, hata kama ni kweli, na watu wengi wamepoteza kazi kwa maneno ya watu wenye wivu. Direkta asiandike uvumi. Asiandike "nasikia" wala "watu wanasema". Lakini mwenye haki ya kujua yupo: ni yule atakayemweka mtu huyu mbele ya watoto. Kumwonya huyo si masengenyo. Na kumwandikia kwamba mwalimu ni mwenye adabu safi, hali unajua sivyo, huo ni ushuhuda wa uongo uliotiwa muhuri wa shule.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma kwamba Saulo alipofika Yerusalemu wanafunzi walimwogopa wote. Walikuwa na haki. Aliwafunga ndugu zao. Barnaba akamchukua, akaeleza habari zake mbele ya Mitume: mambo ya njiani, na jinsi alivyohubiri Damasko. Hakuwaambia kwamba Saulo hakuwatesa Wakristu. Vivyo hivyo Paulo mwenyewe alipomwandikia Filemoni juu ya Onesimo, hakuficha kwamba mtumwa yule huenda alimkosea bwana wake. Alisema deni liandikwe juu yake Paulo. Hiyo ndiyo barua ya tabia. Mwandishi anajua kosa, analitaja, na anajitia mwenyewe kuwa dhamana. Ni direkta wangapi wanaotia sahihi barua wangekubali kulipa deni la mtu wanayemsifu?

Haifai pia tuwahubirie wengine tukisahau nyumba yetu. Mwaka 2002 katika jimbo la Boston, Marekani, ilifunuliwa kwamba mapadri waliowadhulumu watoto walihamishwa parokia hata parokia, na parokia mpya haikuambiwa lolote. Waliohamisha walidhani wanalinda jina jema la Kanisa na kumwonea huruma ndugu aliyeanguka. Waliolipa huruma hiyo ni watoto wa parokia iliyofuata. Mwaka 2019 Papa Fransisko alitoa sheria kwamba kila padri na mtawa anayepata habari ya mambo kama hayo analazimika kuitoa kwa wakubwa. Sheria hiyo isingalihitajika kama watu wangaliandika kweli katika barua zao.

Nilisema nitarudia neno la mlango kufungwa. Ni kweli, kwa mwalimu wetu hati safi si ufunguo wa kila nyumba. Viza ya Korea ya kufundisha Kiingereza hupewa hasa raia wa nchi 7: Marekani, Uingereza, Kanada, Ayalandi, Australia, Nyuzilandi na Afrika Kusini, na wengine wachache kwa mapatano ya pekee. Mwalimu wa Kabambare, hata akisema Kiingereza kuliko mtu wa London, amekwisha hukumiwa na pasipoti yake kabla hajafunguliwa kasiye. Hilo si swali la tabia, na tusikubali liitwe hivyo. Tena yuko ndugu yetu aliye Nyarugusu, katika mkoa wa Kigoma, kambi iliyofunguliwa 1996. Alikimbia bila hata shati la pili. Ataombaje hati kwa serikali ya nchi aliyoikimbia? Kwa mtu huyo lazima itafutwe njia nyingine: watu waliofanya kazi naye, waulizwe mmoja mmoja, kwa utulivu.

Lakini wengi wa walimu wetu wanaoondoka hawaendi Korea. Wanakwenda Burundi, Tanzania, Uganda, Zambia, mara nyingi katika shule ndogo isiyouliza karatasi yoyote ila diploma. Mtoto wa Kigoma hana serikali ya Korea ya kumwekea sharti. Ana barua ya direkta tu, kama hata hiyo inaombwa.

Basi direkta wetu yuko mezani na kalamu. Anaweza kuandika kwa haki yote ambayo ni kweli: miaka 4 ya kazi, Kiingereza kizuri, hakukosa siku bila sababu. Juu ya tabia yake mbele ya wanafunzi, aandike kwamba hawezi kumshuhudia, na kwamba yuko tayari kuulizwa. Kabla ya kuipeleka amwite kijana, amsomee yote uso kwa uso, amwambie: "Mwanangu, hivi ndivyo nilivyoandika. Kazi ya kutafsiri, kazi ya ofisi, nitakusaidia kuitafuta. Darasa sitakushuhudia." Kijana atakasirika. Huenda jamaa zake watakuja jioni, na wale wazee wa mbuzi pamoja nao, waseme kwamba maneno yalikwisha zamani. Huenda pia kijana ataichana barua, apande pikipiki mpaka Kindu, atafute sahihi nyingine ya mtu asiyemjua, na kwa dola chache ataipata.