Kimo cha Mtoto ni Amana ya Mungu



Mtakatifu Luka, aliyekuwa tabibu, atuarifu katika sura ya pili ya Injili yake ya kwamba Mtoto Yesu aliendelea katika hekima, katika kimo na katika neema. Kwa ajili ya hekima twawapeleka watoto wetu shuleni. Kwa ajili ya neema twawapeleka kwa katekista. Lakini juu ya kimo, ni wangapi kati yetu waulizao?

Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2022 ulionyesha ya kwamba katika kila watoto 100 walio chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa, yaani kimo chao hakilingani na umri wao. Tena Iringa, Njombe na Rukwa, mikoa isifiwayo kwa mahindi, ndiyo iliyozidi mingine: huko karibu nusu ya watoto, au zaidi, walikuwa wamedumaa. Basi tusisingizie ukame. Ghala limejaa, na mtoto amedumaa. Tumbo lake ni dogo, wala uji mtupu mara mbili kwa siku haumtoshi. Maharage, mayai na maziwa yamekwenda sokoni. Mama yuko shambani tangu alfajiri. Na maradhi ya kuhara yamnyang'anya hata kile kidogo alichopata.

Jicho peke yake halitoshi. Watoto wa kijiji kizima wakiwa wafupi, kila mzazi humwona wake kuwa sawa na wenzake. Ndiyo maana twahitaji mizani, ubao wa kupimia urefu, na utepe wa kupimia mkono. Mtoto wa miezi 6 hata 59 ambaye mzingo wa mkono wake wa juu haufiki sentimeta 11.5 yumo hatarini. Apelekwe zahanati siku ile ile. Na mstari wa uzito katika kadi ukilala badala ya kupanda, hilo ni onyo litujialo mapema.

Wako akina baba wasemao ya kwamba kadi ya kliniki ni kazi ya mama. Twawauliza: fedha ya maharage i mfukoni mwa nani? Huyo ndiye apaswaye kuisoma kadi. Katika mpango ulioanza Iringa mwaka 1983, katika vijiji 168, watoto walipimwa uzito palepale kijijini, na habari zao zikaletwa mbele ya halmashauri ya kijiji, wanaume kwa wanawake. Utapiamlo mkali ukapungua.

Lakini kupima bila kulisha ni kuhesabu majeraha ya mtu yule wa njia ya Yeriko, kisha kupita kando. Na tukumbuke ya kwamba wa kwanza kupita alikuwa kuhani. Neno hili latuhusu sisi mapadre pia.

Basi Jumapili hii, baada ya Misa, baba na aiombe kadi, aisome pamoja na mama. Sehemu ya maharage na mayai ibaki nyumbani. Tusikawie, kwa maana kimo kilichopotea katika miaka miwili ya kwanza hakirudi kwa urahisi.

Mtakatifu Yosefu, aliyemlisha Mwana wa Mungu kwa jasho lake, atuombee.