Ua Haliliwi

Katika ushairi wa pwani ua lina kazi nyingi. Ni mpenzi, ni binti wa watu, ni ujana usiorudi. Husifiwa, hunuswa, huchumwa, hutungwa kikuba pamoja na rihani na kilua. Jambo moja tu ni nadra kutendewa: kumwagiliwa maji. Mshairi hulikuta limekwisha kuchanua, wala haulizi nani kalipanda, wala mzizi wake wakula nini.

Swali hilo, ambalo shairi huliruka, halirukiki Masukulu. Masukulu ni kata ya Wilaya ya Rungwe, Mkoa wa Mbeya, katika nchi ya Wanyakyusa. Hewa ya huko ni ya kiasi: si joto la visiwani, wala si baridi ya theluji. Tukuyu, makao makuu ya wilaya, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na udongo wa nchi ile umetokana na volkano. Karibu kila kitu huota. Lakini kwa kuwa karibu kila kitu huota, ardhi nayo hugombewa: na migomba, na chai, na maharage, na siku hizi parachichi. Mtu akitenga hatua tano mbele ya nyumba yake kwa ajili ya maua, jirani ana haki ya kumwuliza: ua haliliwi, kwa nini lipewe nafasi ya mgomba?

Hoja hiyo si ya kubezwa, maana imetoka kwa watu wanaojua jembe. Jibu la haraka ni kwamba mtu haishi kwa ndizi peke yake. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita kaskazini mwa Ziwa Nyasa mwaka 1879, aliandika kwa mshangao juu ya migomba ya Wanyakyusa na unadhifu wa makazi yao. Kupenda uzuri, basi, si anasa iliyoletwa huko na mgeni. Hata hivyo jibu hilo halitoshi. Limeeleza haja ya mtu, halikueleza haki ya ua.

Na tuanze na kuliwa kwenyewe. Mashariki ya Rungwe umeinuka uwanda wa Kitulo, kiasi cha mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, ambao wenyeji huuita Bustani ya Mungu. Msimu wa mvua nyasi zake hujaa maua, na mashuhuri kati yake ni okidi. Okidi za huko huliwa. Viazi vyake huchimbwa, hupelekwa Zambia, huko hupondwa na kupikwa pamoja na karanga na pilipili kuwa chakula kiitwacho chikanda. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti walikadiria kwamba viazi vilivyochimbwa katika nyanda za juu za kusini vilifikia mamilioni kila mwaka. Kiazi kikishatoka, mmea umekufa. Na okidi haipandwi upya kwa urahisi kama muhogo: mbegu yake ni kama vumbi, haina akiba ya chakula, haioti mpaka ikutane udongoni na kuvu wa kuilisha. Mwaka 2005 Kitulo ikafanywa hifadhi ya taifa. Hapana haja ya kumlaani mchimbaji, ambaye mara nyingi alisukumwa na dhiki. Lakini ilidhihirika kwamba faida ya ua haikuwa ngao yake. Ilikuwa ndiyo hatari yake.

Je, mapenzi ya uzuri yangelilinda? Tuutazame upande wa Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani wa huko, Walter von Saint Paul-Illaire, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la rangi ya urujuani lililoota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka uliofuata wataalamu wakaliita Saintpaulia, kwa jina la ukoo huo. Chema chajiuza: leo limo katika madirisha ya Ulaya na Marekani, kwa rangi chungu nzima. Kule kwao, kila msitu ulipokatwa, mwamba ulipoteza kivuli, ukakauka, na ua likaondoka. Watu wengi mno walilipenda ua. Wachache walipapenda mahali pake.

Basi manufaa hayakutosha, na mapenzi ya macho hayakutosha. Lililobaki ni malezi. Na malezi huanza kabla ya kupanda, pale mtu anapochagua.

Mtu wa pwani akienda Masukulu na asumini yake, atafadhaika. Asumini imezoea jua kali. Ikipewa ukungu na manyunyu ya Juni, huduwaa. Kulipeleka ua mahali lisipopataka ni kuozesha kwa nguvu. Mwaridi utakubali, ila kwa masharti: mvua nyingi huyatia majani yake madoa meusi, kwa hiyo wataka jua la asubuhi liyakaushe, wataka nafasi upepo upite, na mteremko maji yasituame mizizini. Majani yaliyougua huokotwa, yasiachwe chini ya shina. Huko kumzidishia mwaridi maji si huruma. Nayo haidrenjia hutii udongo: penye uchachu, kama udongo unaofaa chai, huchanua buluu, penye chokaa, kama ardhi ya matumbawe ya visiwani, huelekea waridi. Anayeishi juu ya udongo wa chai akaitaka ya waridi atapigana na ardhi yake kila mwaka.

Tena yako maua yanayopapenda mahali kupita kiasi. Lantana ililetwa Afrika Mashariki kutoka Marekani ya kitropiki iwe pambo na ua wa nyumba. Ikatoroka, ikavamia mashamba na malisho, na majani yake ni sumu kwa ng'ombe. Aliyeipanda alitazama rangi; hakumtazama jirani mwenye ndama.

Hapa ndipo swali la jirani wa Masukulu linapogeuka. Si kwamba ua laliwa au haliliwi, bali nani atalilea, na kwa hasara ya nani. Mmea wa porini hunyweshwa na Mola wake. Ukishang'olewa na kutiwa kopo, kiu yake imekuwa deni la aliyeung'oa. Mwenye watoto wenye njaa na apande mgomba, wala asilaumiwe na mshairi yeyote. Lakini aliyebakiwa na hatua tano ana hiari ya kuchagua, na akishachagua hana hiari ya kusahau. Mgomba humlipa mlezi wake kwa mkungu. Ua halilipi hivyo. Anayelipalilia hujizoeza kutunza kisichomlisha, na mazoezi hayo yatahitajika siku atakapokuwa na mzee kitandani.

Kwa hiyo mwenye hatua tano asianze na rangi. Kwanza apite kwa majirani, atazame ni mmea gani umestahimili masika yao bila kuwaudhi, aombe tawi, na aulize hukatwa lini. Tawi la kuombwa huja na maelezo yake.