Siri ya Mtungi na Ofisi ya Kata

Siku moja nilinunua karanga kwa mama mmoja karibu na kituo cha daladala. Nilipozimaliza nikaikunjua karatasi ili niitupe, nikakutana na uso wa mtu. Ilikuwa kopi ya kitambulisho cha taifa. Picha ya kijana mwenyewe ilikuwa imefifia hata macho hayaonekani, lakini jina lake kamili lilisomeka, na tarakimu 20 za namba yake zilisomeka vizuri zaidi. Pembeni kulikuwa na nusu ya muhuri wa ofisi ambayo sitaitaja.

Simjui kijana yule, na hapo ndipo hofu yangu ilipoanzia. Jirani yake angeiokota karatasi ile asingepata jipya: anamjua, anaujua mlango wake, anajua mama yake anauza nini. Mimi nisiyemjua ndiye niliyepata kitu. Dakika moja kabla, kijana huyo hakuwepo kabisa katika dunia yangu. Sasa nilikuwa nimeshika kile ambacho benki na kampuni za simu humtambulia. Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza: kulinda namba ya mtu ni kulinda nini hasa? Na ofisi ya mtaa na ya kata, ambako karatasi kama ile huanzia safari, inadaiwa nini?

Tuanze na tofauti ya jina na namba. Jina tunapewa na wanaotupenda. Bibi humrithisha mjukuu lake, mjomba hukumbuka la marehemu babu, na kwa sababu hiyo majina hugongana. Mtaa mmoja unaweza kuwa na akina Juma watano na asipotee hata mmoja: yuko Juma fundi, yuko Juma mrefu, yuko Juma wa Mama Asha. Mtaa hauhitaji namba kwa kuwa una kumbukumbu. Namba ilizaliwa pale kumbukumbu za majirani zinapoishia, kwenye dirisha la benki au kaunta ya kodi, ambako anayekuhudumia hajawahi kukuona na huenda asikuone tena. Namba ni jina tunaloitwa na wasiotujua.

Ukilikubali hilo, utaliona fumbo. Serikali ya mtaa ndiyo serikali inayotujua kwa sura. Mwenyekiti ni jirani aliyechaguliwa na majirani, na mjumbe anajua nani kahamia jana usiku. Basi hiyo ndiyo ofisi yenye haja ndogo kabisa ya namba zetu. Lakini angalia mezani kwake. Unataka barua ya utambulisho ukafungue akaunti: leta kopi. Unakwenda kumdhamini ndugu yako: leta kopi. Kikundi cha akina mama kinaomba mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu: kopi za wanachama wote, zimebanwa kwa pini moja. Hata fomu ya kuombea namba yenyewe hupita hapo kugongwa muhuri.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kata ya methali ni ile ya kifuu cha nazi iliyotiwa mpini, inayozama gizani mwa mtungi na kurudi na maji. Kiswahili kimeliita kata pia eneo la utawala lililo juu ya mtaa na kijiji. Maneno hayo mawili hayakukusudiwa kukutana, ila yamekutana mahali pa kweli, kwa kuwa ofisi ya kata nayo huzama ndani ya maisha ya watu na kurudi na kitu. Anayeitumia methali hii kwa kawaida anataka kusema kwamba aliye karibu ndiye ajuaye. Mimi naiona na adabu ya kata yenyewe. Kata huchota kinywaji cha mtu mmoja, ikatoka, ikatundikwa, haihamishi mtungi. Na ikiachwa sakafuni, yanayochafuka si maji ya aliyeiacha peke yake, maana watakaochota baada yake ni nyumba nzima.

Je, namba ni siri? Wengi hujibu upesi kwamba ndiyo, kisha wanaitaja mara tatu kwa siku. Siri ni jambo ambalo likijulikana haliwi siri tena. Namba ya kitambulisho cha taifa, ambayo tarakimu zake nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa, haikutengenezwa ifichwe, ilitengenezwa itajwe. Ukiificha kabisa haina kazi.

Je, ni mali? Nayo hapana. Ng'ombe akiibwa, zizi hubaki tupu na mwenyewe hupiga yowe. Namba ikiibwa, mwenyewe anabaki nayo kama alivyokuwa, analala usingizi wake, na anastuka siku anapoulizwa kuhusu laini ya simu ambayo hakuisajili. Huu ni wizi usiompunguzia mtu kitu, na kwa hiyo hauna yowe. Tena ng'ombe hununuliwa mwingine, kufuli hubadilishwa, nywila hubadilishwa. Namba hii hutembea na mtu hadi kaburini.

Kwa kitu kisicho siri wala mali, ambacho kikitumiwa vibaya kinamuumiza mtu mmoja mahsusi, Kiswahili kina neno lake: amana. Amana ni cha mwingine kilicho mikononi mwako kwa sababu maalumu na kwa muda maalumu. Aliyepewa amana hakatazwi kuiona. Anakatazwa kuifanyia lisilokuwamo katika makubaliano. Neno hili lina shina moja na imani, na uaminifu, na hata amani. Kwa mizani hii, matumizi mabaya hayamsubiri mwizi avunje dirisha. Yanaanza pale ofisi inapochukua kopi uliyoileta kwa ajili ya barua na kuitumia kwa shughuli nyingine, hata kama shughuli hiyo ni njema, bila kukuambia.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, naisoma kama sheria ya amana. Inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo halali na lililo wazi, zisizidi lengo hilo, zisikae kuliko muda unaohitajika, na zilindwe. Inazibana taasisi za umma sawasawa na kampuni binafsi, na imeunda Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya kusikiliza malalamiko. Juu yake iko Ibara ya 16 ya Katiba, inayolinda faragha ya mtu, familia yake, maskani yake na mawasiliano yake. Lakini sheria hiyo ikitoka Dodoma ikafika kwa mtendaji wa kata, inaweza kukuta kabati lisilo na ufunguo, na simu yake binafsi iliyojaa picha za vitambulisho alizotumiwa kwa WhatsApp. Simlaumu mtendaji peke yake. Aliyempa amana bila kumpa kasha naye ana sehemu yake ya lawama.

Kasha nalo halitoshi, na hili tumefundishwa na historia ya jirani zetu. Nchini Kenya, sheria ya kikoloni ya kuwaandikisha Waafrika ilipitishwa mwaka 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alilazimika kutembea na kipande chenye utambulisho wake, alama za vidole na kumbukumbu za kazi zilizojazwa na mwajiri, na wengi walikitia kwenye kijisanduku cha chuma kilichoning'inia shingoni. Shabaha ilikuwa kumbana mfanyakazi, ili akitoroka shamba la mlowezi asakwe na kurudishwa. Mwanaharakati Harry Thuku na wenzake walikipinga kipande hadi yeye akakamatwa mwezi Machi 1922. Kipande kilikuwa salama ndani ya chuma, na aliyekivaa hakuwa salama. Kwa hiyo ugumu wa kufuli hauniambii lolote mpaka nijue nani anatoa hesabu kwa nani. Namba ambayo mkazi anaulizwa nayo kila siku, na yeye hawezi kuuliza lolote juu yake, ina undugu na kipande hata ikihifadhiwa kwenye kompyuta mpya.

Wajapani wamejaribu kuigeuza hesabu hiyo. Namba yao ya mtu binafsi, yenye tarakimu 12, ilianza kutumika Januari 2016, na manispaa zao hutakiwa kutathmini hatari kabla ya kuanza kutunza mafaili yenye namba hizo, kisha kuitangaza tathmini wakazi waisome. Nalipenda wazo hilo: mshika amana anaeleza kwanza kasha lake lilivyo, ndipo anapokea. Hata hivyo, mwezi Juni 2022, katika mji wa Amagasaki, mfanyakazi wa kampuni iliyokuwa ikifanya kazi za manispaa alitoka na kifaa kidogo cha USB chenye taarifa za wakazi wote, watu wapatao 460,000. Akanywa pombe, akalala njiani, begi likapotea. Lilipatikana baada ya siku chache, lakini kwa muda huo mji mzima, majina yake, anwani zake, tarehe zake za kuzaliwa na taarifa zake za kodi, ulikuwa hauna mlinzi. Hapakuwa na mdukuzi wala mwizi. Kata ilibeba mtungi mzima, basi. Kwa kazi ya siku moja, nani alihitaji kutoka na watu wote?

Kuna hoja mbili dhidi yangu ambazo naziheshimu. Ya kwanza inasema serikali za mitaa zinahitaji uwazi. Majina ya waliopata mikopo yasipobandikwa ubaoni, mikopo italiwa na wajanja. Ni kweli, na mimi ningekuwa wa kwanza kudai orodha ibandikwe. Lakini tukumbuke tulichosema kuhusu jina na namba. Anayesoma ubao wa mtaa ni jirani, na jirani anahitaji jina ili aseme, "Huyu hakai hapa." Namba haimsaidii kitu. Anayesaidiwa na namba ni mpita njia mwenye simu ya kamera. Jina libandikwe kwa ajili ya uwazi na namba ibaki ndani kwa ajili ya sitara. Kila kimoja kimepata mwenyewe.

Hoja ya pili inasema mtu wa kawaida hana cha kuibiwa. Hii huniuma zaidi, kwa sababu husemwa na watu wa kawaida wenyewe. Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulipofikia ukomo Januari 20, 2020, kila laini ina jina la mtu nyuma yake. Tapeli anayekuandikia "ile hela itume kwenye namba hii" naye anahitaji laini, na laini hiyo haiwi na jina lake. Anahitaji jina safi, la mtu asiye na kesi, asiyefuatilia, asiye na wakili. Umaskini haumkingi mtu hapo. Ndio unaomfanya achaguliwe. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Wapo waliopiga wakakuta namba wasizozijua.

Basi kata inadaiwa nini? Kwanza, kutazama badala ya kuchukua. Mara nyingi mtendaji akikiona kitambulisho, akakuona na wewe, kazi imekwisha, na kopi ni mazoea tu. Pili, kopi inayolazimu iandikwe juu yake imeletwa kwa shughuli gani na tarehe gani, isije ikatumika kwingine. Tatu, liwepo kabati lenye ufunguo na daftari la kuonyesha nani alifungua na kwa nini. Nne, muda ukiisha karatasi zichanwe au zichomwe mbele ya shahidi, zisiuzwe kwa kilo. Hakuna hata moja kati ya hayo linalosubiri mfadhili au mtambo. Halmashauri inayoweza kununua viti vya ukumbi inaweza kununua kufuli.

Karatasi ya karanga niliichoma jioni ile. Sikujitukuza kwa hilo, maana nilichoma karatasi moja, na mafungu mengine ya kopi yaliyotoka ofisini pamoja nayo siyajui yalikokwenda.

Nakuomba, msomaji, siku utakapoitwa tena kupeleka kopi, umuulize mtendaji kwa heshima mambo matatu: inatakiwa kwa kazi gani, itakaa wapi, na itaharibiwa lini. Nawe mtendaji, ukiulizwa, usikasirike wala usimwone mkazi ni mkorofi. Mwenye amana ana haki ya kuuliza habari zake.