Je, Kuogopa Ni Dhambi?

Kuna swali ambalo washirika huniuliza kwa sauti ya chini, wakiangalia huku na huku: kama Neno linatuambia tusiogope, je, anayeogopa amemwasi Mungu?

Nauliza kwa ajili ya wale ambao hofu huwashika bila sababu inayoonekana. Mtu yuko sokoni, au ameketi kwa matatu, au tuko katikati ya sifa. Ghafla moyo unaenda mbio, pumzi inakuwa fupi, mikono inakufa ganzi, na anaamini kabisa kwamba anakufa sasa hivi. Mara nyingi hali hiyo hufika kileleni ndani ya dakika 10 hivi, kisha inashuka. Anaenda hospitali, anapimwa moyo, anaambiwa yuko sawa. Baada ya siku chache inarudi tena.

Madaktari wanaujua ugonjwa huu. Mwaka 1980 madaktari wa akili wa Marekani waliuweka katika orodha yao kama ugonjwa unaojitegemea. Mwili una king'ora chake cha hatari, kile kinachokufanya uruke ukiona nyoka. Kwa mgonjwa huyu king'ora hulia na nyoka hayuko. Adrenalini inamwagika kwenye damu, mwili unajiandaa kukimbia, na hakuna wa kumkimbia.

Halafu inakuja taabu ya pili: kuiogopa hofu yenyewe. Anaacha matatu. Anaacha kwenda sokoni peke yake. Mimi huhudumu mlangoni, na nimewaona wanaotaka kiti cha mwisho tu, ili wakizidiwa watoke. Dada mmoja wa namna hiyo alikemewa mbele ya watu, ati ana roho ya uoga na imani haba. Hakurudi. Alikuwa amepigana na hofu yake mpaka akaingia kanisani. Maneno ya ndugu zake ndiyo yalimtoa.

Sasa tujibu swali. Dhambi inahitaji hiari. Hakuna anayeuamuru moyo wake upige hivyo, kama vile hakuna anayejiamulia kushikwa na malaria. Mtu atasema, lakini ni amri! Hebu tuangalie ni nani walioambiwa wasiogope. Wachungaji wa kondoo kule Bethlehemu walikuwa tayari wanatetemeka. Mama akimwambia mtoto aliyeanguka asilie, hatungi sheria, anamwinua. Mtoto akiendelea kulia, hajaasi.

Mwingine ataniambia kwamba wakati wa dhoruba Yesu aliwauliza wanafunzi kuhusu imani yao. Ni kweli. Lakini hakumtupa hata mmoja nje ya mashua. Na Eliya, alipomkimbia Yezebeli na kuomba afe, malaika hakuanza na kemeo. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, kisha akampa tena. Sisemi Eliya alikuwa na ugonjwa huu. Nasema Mungu aliujali mwili wake kwanza.

Basi, kile tunachokichagua ndicho tutakachoulizwa: tunavyomtendea aliyeshikwa. Kaa naye. Sema polepole. Mwambie apumue taratibu, atoe pumzi kwa muda mrefu kuliko anavyoivuta. Usimzunguke na umati. Kama ni mara ya kwanza na kifua kinauma, apelekwe hospitali, maana huenda ikawa ni moyo kweli. Na ikijulikana ni ugonjwa huu, tiba ipo: kuna ya mazungumzo na mshauri aliyesomea, na kuna dawa, na wengi hupata nafuu kubwa. Tuendelee kumwombea. Lakini asitokee mtu wa kumwambia aache dawa kwa sababu ameombewa. Aliyempa daktari akili ni Mungu yule yule tunayemwomba.

Kwa hivyo mpendwa, ukiniuliza tena swali lile, sitaangalia huku na huku. Hofu inayokushika bila wewe kuiita si dhambi. Sisi tukikuona unatetemeka na tukakufukuza kwa maneno, hapo ndipo tutakuwa na la kutubu.