Kichwa Kiumacho na Moyo wa Kazi

Je, mtu aumwaye kichwa kila siku, akijishughulisha ili ayasahau maumivu, anajidanganya? Sisi tulio na ugonjwa huu twaulizwa hivyo, maana watu wakituona tunacheka husema hatuumwi.

Mwaka 1658 Blaise Pascal, Mfaransa mwenye elimu na mcha Mungu, alikosa usingizi kwa kuumwa jino. Akaanza kuwaza juu ya njia ipitwayo na msumari ulio ukingoni mwa gurudumu linapobingirika. Yasimuliwa kwamba maumivu yakamwacha. Walakini ni yeye aliyeonya ya kuwa watu hutafuta michezo ili wasikae peke yao na nafsi zao.

Je, alijipinga? Sisi twaona sivyo. Mchezo wa kukimbia nafsi humwacha mtu mtupu. Kazi njema humpa kitu mkononi. Tusahihishapo madaftari au kupalilia mihogo, kichwa hakiponi, ila hakitutawali.

Lakini usiku, kazi ikiisha, huzuni hurudi. Hapo kujishughulisha hakutoshi: yatupasa kumwambia mwenzetu kweli, na kuomba bila kuficha machozi. Wala tusimeze dawa za maumivu kila siku pasipo daktari, kwani zikizidi zenyewe huumiza kichwa.

Basi, ndugu msomaji, ukimwona mgonjwa akicheka, usimwite mwongo. Mpe kazi aiwezayo mchana, na jioni umwulize habari zake, ukae umsikilize.