Swali la Kwanza

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo humfanya mtu aipokee sauti, lugha na mahusiano kwa namna iliyo tofauti na ya walio wengi, na ambayo huanza utotoni na kudumu maisha yote, kwa baadhi ikiwa nyepesi na kwa wengine nzito. Hata hivyo, katika mitaa ya Mombasa ya bara, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, mtoto anapotimiza miaka mitatu bila kusema, au asipogeuka akiitwa kwa jina, swali la kwanza mara nyingi huwa si nini kinachomtatiza, bali ni nani aliyemfanyia.

Joseph Gona, Amina Abubakar na wenzao, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, waliwahoji wazazi na wataalamu wa pwani ya Kenya kuhusu chanzo cha hali hii, wakatajiwa uchawi, mashetani na laana sambamba na urithi wa familia na matatizo ya uzazi. Mzazi yule yule huenda hospitali asubuhi na kwa mganga jioni. Dua na kombe, yaani aya za Kurani zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa maji ya kunywa, ni faraja ambayo hapana haja ya kumnyang'anya mtu. Linalodhuru ni miaka inayopotea mtoto akisubiri mbaya wake ajulikane, ilhali umri huo mdogo ndio ambao msaada humfaa zaidi.

Na mara nyingi anayeishia kulaumiwa ni mama, kwa kuambiwa kwamba alikiuka mwiko, au alimdekeza mtoto, au hakumfunza adabu. Asidhani msomaji kwamba hiyo ni dhana ya wasiosoma. Daktari Leo Kanner alipoeleza habari za watoto 11 wenye hali hii huko Marekani mwaka 1943, alitaja pia ubaridi wa wazazi wao, na baadaye Bruno Bettelheim akalishikilia wazo kwamba ubaridi huo ndio chanzo, hata akina mama wakabebeshwa lawama kwa lugha ya kitaalamu, ambayo pengine ni nzito kuliko ya jirani wa uani kwa kuwa haijibiki. Aliyelipinga wazo hilo kwa kitabu mwaka 1964, Bernard Rimland, alikuwa mwanasaikolojia na pia baba wa mtoto mwenye usonji. Nchini Kenya vilevile, Chama cha Usonji kilianzishwa mwaka 2003 na wazazi.

Kinachoitwa utukutu hueleweka vyema zaidi kwenye feri ya Likoni. Umati hubanana ukisubiri lango lifunguliwe, kisha watu humiminika kwenye mteremko pamoja na mikokoteni, pikipiki na magari, huku honi, injini, harufu ya dizeli na jasho vikija kwa pamoja. Abiria wa kawaida huyachuja hayo yote bila kujua kwamba anachuja, lakini mtoto mwenye usonji huenda asiweze, kila kitu kikamfikia kwa nguvu moja, naye akaziba masikio, akajitikisa, akarudia neno lile lile kama mwangwi au akajitupa chini. Kujitikisa na kurudia humsaidia kujituliza. Kumzuia kwa kofi ni kumwongezea kishindo kimoja juu ya vile vilivyokwisha kumlemea. Wanaosimama kando wakitoa ushauri wa fimbo wangemfaa zaidi mama wa mtoto huyo kwa kumpisha tu.

Msaada wenyewe si wa ajabu, ingawa huhitaji subira: sentensi fupi, ratiba isiyobadilishwa ghafla, kona yenye utulivu darasani, na mwalimu anayejua kwamba mtoto asiyesema si lazima awe haelewi. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutunzwa utu wake na kuifikia elimu, lakini mzazi wa Mtongwe, huko huko Likoni, hukutana na haki hiyo katika sura ya mwalimu mmoja na darasa lililojaa pomoni.

Kwa mtoto asiyetumia maneno, picha hufanya kazi ya ulimi. Kadi tatu za karatasi ngumu, zikitobolewa na kufungwa kwa uzi, huingia kwenye mkoba wa mama: feri, matatu, nyumba. Wakishuka ng'ambo, ya kwanza hufunikwa, na mtoto akaona kwamba zimebaki mbili.