Nani Anaruhusiwa Kujitenga?

Huku Nyamache kuna wazee waliodai kipande cha shamba kwa baba zao kwa kelele, na leo kijana akiuliza chake anaambiwa boma haligawanywi. Ndivyo ninavyokiona chama cha Kulmiye.

Somaliland ilijitenga na Somalia Mei 1991, baada ya Siad Barre kuipiga Hargeisa mabomu. Sababu nzito, sibishi. Kulmiye ikashika serikali 2010. Halafu 2023 watu wa Las Anod wakasema wanarudi Somalia, wakajibiwa kwa mizinga.

Eti mpaka ni ule wa Mwingereza. Sawa, lakini 1991 ramani haikuwazuia wao.

Novemba 2024 Kulmiye ilishindwa kwa kura, ikampisha Waddani bila fujo. Heshima kwao. Las Anod haikupiga kura hiyo.